Zimwi Mezani: Lugha ya Maakuli katika Filamu ya The Menu

Kula ni haja ya kila kilicho hai, lakini kukisifu chakula kabla ya kukila ni ada ya binadamu peke yake. Mnyama hupata akala. Binadamu hupata, akataja, akapamba, akatia bei, ndipo akala. Ada hii si mbaya kwa asili yake, kwa kuwa jina zuri huandaa ulimi kupokea tonge kama wimbo uandaavyo miguu kucheza. Walakini ziko meza ambazo juu yake maneno yamezidi matonge, na mgeni huinuka ameshiba sifa ilhali tumbo lake bado laita. Habari ya meza ya namna hii ndiyo iliyotungwa na Seth Reiss na Will Tracy, na kuongozwa na Mark Mylod, katika filamu ya The Menu iliyotolewa mwezi wa Novemba, 2022.

Filamu hii huhesabiwa katika jamii ya zile zinazotisha na kuchekesha kwa pamoja. Wengi walioisema wameitazama kama dhihaka juu ya matajiri, na kweli dhihaka imo. Lakini matajiri wamedhihakiwa mara nyingi, na kama filamu isingekuwa na neno jingine ingalisahauliwa upesi. Neno lake jingine ni lugha. Kitisho na kicheko cha The Menu hutoka katika chemchemi moja, nayo ni pengo lililofunguka kati ya jina la chakula na chakula chenyewe. Kicheko huzaliwa mtazamaji anapoliona pengo. Kitisho huzaliwa anapotambua ya kuwa mtu aweza kutumbukia ndani yake.

Kisa chenyewe si kirefu. Wageni wachache wavushwa kwa mashua mpaka kisiwani, penye hoteli ya Hawthorn, ambako kila mlaji hulipa dola 1,250 kwa mlo wa jioni moja. Mwenye jiko ni mpishi mkuu Julian Slowik, aliyeigizwa na Ralph Fiennes. Miongoni mwa wageni wamo mhakiki wa vyakula pamoja na mhariri wake, mume na mke wazee wenye mali, mwigizaji ambaye nyota yake imefifia pamoja na msaidizi wake, vijana watatu wa biashara, na Tyler, mpenzi mkubwa wa maarifa ya jikoni. Tyler amekuja na mwanamke aitwaye Margot, aliyeigizwa na Anya Taylor-Joy. Margot hakutazamiwa; ameletwa badala ya mwingine, na baadaye yafunuka kuwa amekodiwa kwa fedha na kwamba jina lake la kweli si hilo. Chakula huja sahani baada ya sahani, na kila sahani huja na adhabu kubwa kuliko iliyotangulia, hata ibainike kwamba mpishi amekusudia wageni, watumishi na yeye mwenyewe wafe wote usiku ule.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni maandishi ya skrini. Kila sahani inapoletwa, picha husimama kidogo, jina la sahani huandikwa, na chini yake hufuata viungo vyake mfano wa orodha ya mezani. Mtazamaji huizoea kanuni hii upesi. Sahani ya kwanza kubwa yaitwa kwa jina la kisiwa: mimea ya pale pale imepangwa juu ya mawe ya ufukweni pamoja na maji ya bahari yaliyogandishwa kidogo. Hapa dhihaka ni nyepesi, na mtu akiambiwa ya kuwa chakula hicho chaandaliwa kweli katika hoteli fulani ya Ulaya hatakuwa na sababu ya kukataa. Tena vyakula vya filamu vilibuniwa kwa shauri la Dominique Crenn, mpishi mwenye sifa kuu wa San Francisco. Waandishi hawakuibuni lugha hii. Waliipokea kama ilivyo, kisha wakaiongeza hatua moja moja mpaka ikafika pasipofikika.

Lugha hiyo ina nasaba yake. Maneno mengi ya jiko la kifahari yalitoka Ufaransa, na pamoja na maneno ilikuja amri. Auguste Escoffier, aliyezaliwa 1846 na kufa 1935, aliwahi kupikia jeshi wakati wa vita vya Ufaransa na Prusia vya 1870, na baadaye husifiwa kwa kulipanga jiko la hoteli kubwa kama kikosi: kila mtu na daraja yake, kila daraja na kazi yake. Watumishi wa Hawthorn waitikiapo kwa sauti moja, kila neno lao likiwa ni kumkubali mpishi mkuu, mtazamaji hucheka kwa kuwa wamefanana na askari. Lakini asili ya kufanana huko ni ya kweli. Kadhalika desturi ya kuleta sahani moja baada ya moja, badala ya kuvijaza vyakula vyote mezani kwa mara moja, ilienea Ulaya katika karne ya 19, nayo ilimpa mpishi kitu ambacho hapo kwanza hakuwa nacho kwa ukamilifu, yaani wakati. Ashikaye utaratibu wa mlo hushika mwendo wa jioni nzima, na ashikaye mwendo aweza kutunga kisa. Slowik ametunga kisa, na wageni wamo ndani yake pasipo kujua.

Uchunguzi wa wataalamu wa lugha waunga mkono yale ambayo filamu yayasema kwa mfano. Katika kitabu chake The Language of Food cha mwaka 2014, Dan Jurafsky wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza habari za orodha za vyakula 6,500 zenye sahani 650,000. Aliona ya kuwa urefu wa wastani wa maneno yaelezayo sahani unapozidi kwa herufi moja, bei ya sahani huwa juu kwa senti 18. Aliona tena kwamba hoteli za bei kubwa huwa na takriban nusu tu ya idadi ya vyakula vya hoteli rahisi, na kwamba hutaja uteuzi wa mpishi mara saba zaidi ya zile. Maana yake ni hii: kadiri mtu alipavyo zaidi ndivyo apungukiwavyo na hiari. Maskini huchagua, tajiri huchaguliwa. The Menu imeichukua hesabu hii na kuifikisha mwisho wake. Katika Hawthorn mlaji hana la kuchagua kabisa, wala chakula, wala mahali pa kukaa, wala saa ya kuondoka, na hatimaye wala uhai.

Sahani ya pili ndiyo ufunguo wa filamu yote. Ni sahani ya mkate isiyokuwa na mkate. Mpishi ahutubia: mkate tangu zamani ni chakula cha watu wa kawaida, na wageni wake si watu wa kawaida, kwa hiyo hawatapata. Waletewa vitoweleo vyake tu, matone matone ya rojo katika sahani tupu. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuitambua sura ya usemi huu, maana ni sura ya kitendawili. Mtu asemapo kwamba nyumba yake haina mlango, msikilizaji hujua kuwa liko yai lingojealo kutajwa; ukanushi wa kitendawili ni pazia tu, na nyuma ya pazia pana kitu. Sahani ya Slowik ni kitendawili kisichokuwa na jawabu. Nyuma ya pazia hamna yai wala mkate. Hata hivyo wageni karibu wote wajitahidi kulijibu fumbo: mmoja asifu uhodari wake, mwingine aeleza historia yake, na mmoja tu, Margot, asema kwa maneno machache ya kuwa hajaletewa chakula. Katika mchezo wa vitendawili ashindwaye hudaiwa mji, naye huutoa kwa maneno, watu wakacheka. Katika Hawthorn ashindwaye hutoa roho.

Kabla ya hapo mpishi amewaomba wageni wake jambo moja: wasile. Waonje, wausikilize utamu, watafakari, lakini wasile. Ombi hili lastahili kupimwa kwa mizani ya Kiswahili, kwa kuwa lugha hii imekipa kitenzi cha kula kazi nyingi. Mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula rushwa. Aliyezeeka amekula chumvi nyingi. Aliyeshindwa mchezoni ameliwa. Katika matumizi yote haya kula ni kuingiza kitu ndani hata kisitoke tena. Kiapo kilicholiwa hakitemwi. Kuonja ni kinyume chake: aonjaye amebaki mlangoni, hajaingia wala hakuingiwa. Mpishi awaombapo wageni waonje wasile, awaomba wabaki nje ya chakula chake, kisha awachukia kwa kuwa wamebaki nje. Mume mzee amekula pale mara 11, na aulizwapo ataje sahani moja aliyoila, abahatisha samaki asiye mwenyewe. Hukumu ya mpishi juu yake ni kali, lakini mtazamaji mwenye insafu huuliza: nani aliyemfundisha kuonja pasipo kula? Hapa waandishi wamemfunga mpishi kwa maneno yake mwenyewe, na hii ni alama ya utunzi mzuri.

Kutoka hapo mwendo wa maandishi ya skrini wabadilika. Sahani ya kumbukumbu huja na chapati za mahindi za Kimeksiko zilizochorwa picha kwa mwali wa leza. Kila mgeni aisoma dhambi yake juu ya chakula chake: mhakiki aziona hoteli zilizofungwa kwa sababu ya kalamu yake, vijana wa biashara wauona udanganyifu wa hesabu zao. Chakula kimekuwa hati ya mashtaka. Sahani ifuatayo yatangazwa kuwa ni kazi ya mpishi msaidizi, kijana Jeremy, naye ajiua mbele ya wageni, kisha orodha ya viungo yaandikwa kwa herufi zile zile na utulivu ule ule. Baadhi ya wageni, miongoni mwao mhakiki, wajaribu kujituliza kwa kusema ya kuwa haya ni mchezo wa jukwaani. Wamefunzwa miaka mingi kwamba kila kitu kiletwacho mezani ni ishara ya kitu kingine. Basi damu nayo wadhani ni ishara. Na orodha ya mwisho kabisa, ya kitamtam cha watoto wa Kimarekani kifanywacho kwa biskuti, chokoleti na mashimelo, ile peremende laini nyeupe ichomwayo motoni, yawataja wateja, watumishi na hoteli yenyewe miongoni mwa viungo.

Tofauti iliyopo hapa na filamu zilizotangulia ni kubwa. Katika Delicatessen ya mwaka 1991 mchinjaji huwauzia wapangaji wake nyama ya watu. Katika Theatre of Blood ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Douglas Hickox, mwigizaji aliyeonewa na wahakiki, naye ni Vincent Price, awaua mmoja mmoja kwa mifano ya Shakespeare, na mmoja wao alishwa mbwa wake mwenyewe kama wana wa Tamora waandaliwavyo mama yao katika Titus Andronicus. Huko kitisho ni cha siri: jina la chakula huificha nyama, na mlaji hushtuka siri ifunguliwapo. Katika The Menu hapana siri. Jina halifichi kitu. Laandikwa wazi, kwa mwandiko mzuri, na bado wageni wakaa vitini. Filamu za zamani zaogopa uwongo wa maneno. Hii yaogopa utii wa wasikilizaji kwa maneno hata yanapokuwa ya kweli.

Mtu amwangaliaye Tyler kwa makini hataweza kumcheka kwa raha, hasa akiwa ni mwanafunzi au mwalimu. Tyler anazijua istilahi zote, anajua kila chombo cha jikoni na kazi yake, na aweza kuieleza sahani kabla haijatua mezani. Alijua tangu mwanzo kuwa wote watakufa, akaja hata hivyo, na kumleta mwanamke asiyejua. Mpishi amvika koti jeupe, amwambia apike. Kijana aomba vitunguu, siagi na nyama ya mwana-kondoo. Mikono yake yatetemeka. Wapishi wamzunguka kumtazama. Kinachotoka hakiliki. Maandishi ya skrini yakiita chakula hicho upuuzi wa Tyler, na viungo vyake ni nyama isiyoiva, mchuzi usiolika, na ukosefu wa mshikamano. Yafaa ijulikane ya kuwa hii ndiyo orodha ya kwanza katika filamu isemayo kweli tupu juu ya kilichomo sahanini. Lugha iliyokuwa ikipamba imerudi kazini mwake kwa muda, na kazi ya kwanza iliyoifanya ni kumwua mtu kwa aibu.

Onyo hili halina mpaka wa jikoni. Elimu ya fasihi nayo ina istilahi zake, na yuko mwanafunzi awezaye kuzipanga zote katika karatasi moja juu ya shairi ambalo halikumgusa hata kidogo, wala hawezi kutunga ubeti mmoja wenye mizani iliyo sawa. Si lazima kila mhakiki awe mtunzi, kama si lazima kila mlaji awe mpishi. Lililo lazima ni kwamba aseme kwa sababu amekula. Mhakiki wa filamu hii, Lillian Bloom, ana kosa la namna nyingine. Yeye aonja kweli, na ulimi wake ni mwepesi: agundua ya kuwa rojo mojawapo imekatika, kama tui likatikavyo jikoni pwani. Neno lake ni sahihi. Mpishi amjibu kwa kumletea bakuli kubwa la rojo ile ile iliyokatika, na mtazamaji hucheka. Lakini kosa lake si kwamba ameona ila. Kosa lake ni kwamba ila imempendeza kuliko chakula, na neno la kuitaja limempendeza kuliko ila. Kalamu ya namna hiyo hufunga hoteli, na vitabu pia.

Wokovu wa Margot ndio mahali ambapo hekima ya Kiswahili na filamu hukutana kana kwamba zilipatana. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Slowik amemtambua Margot mapema kuwa si wa kundi la wale wanaotumikiwa, bali ni mtumishi kama yeye. Margot naye apata kumjua zimwi: katika nyumba ya mpishi aiona picha ya zamani, kijana akikaanga baga kwa furaha kabla ya umaarufu. Basi arudi mezani, apiga kofi moja kubwa kama apigavyo mpishi mwenyewe, na kumwambia ya kuwa chakula chake hakikumpendeza, kimepikwa pasipo mapenzi, na kwamba yeye bado ana njaa. Aomba baga yenye jibini. Bei yake ni dola 9.95. Mpishi apika, na kwa mara ya kwanza uso wake wakunjuka. Maandishi ya skrini yatosheka kuiita baga iliyopikwa vizuri, basi. Margot auma mara moja, asifu, aomba afungiwe iliyobaki aende nayo, alipa, aachiliwa. Baadaye, akiwa mashuani, akitazama kisiwa kinavyoungua, aila baga yake na kujifutia kinywa kwa karatasi ya orodha ya vyakula. Maneno hatimaye yamepata matumizi yao: yamekuwa kitambaa cha mkono.

Uzuri wa sehemu hii hauwezi kukanushwa, lakini ndipo pia udhaifu wa filamu uonekanapo. Filamu yataka iaminiwe kwamba baga ni kitu kisicho na maneno, kwamba hapo jina na kitu ni kimoja. Si kweli. Baga nayo imesifiwa kwa fedha nyingi katika matangazo ya Marekani, na Jurafsky ameonyesha ya kuwa orodha zisizo za kifahari nazo zina mapambo yao, hasa maneno ya kuapa kwamba chakula ni halisi na ni kibichi. Aliyeapa hajaepukana na lugha; ameibadilisha tu. Kama baga ya Margot ni ya kweli, ukweli wake hautoki katika ubaga wake. Watoka katika njaa ya aliyeiomba na mkono wa aliyeipika. Filamu yajua hili nusu, na nusu nyingine yaacha umaskini usifiwe kwa kuwa ni umaskini.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Wageni wameshtakiwa kila mmoja kwa jina na kosa lake, hata msaidizi wa mwigizaji aambiwa kuwa hana haki ya kuishi kwa sababu alisoma pasipo deni la mkopo, na mzaha huo ni mchungu na mzuri. Lakini wapishi na watumishi, nao ni wengi, wafa wote na neno lao ni lile moja la kuitikia. Kwa nini wamekubali? Filamu haikuwapa ulimi wa kusema. Imemlaumu mpishi mkuu kwa kuwafanya viungo, kisha nayo ikawatumia kama viungo, pilipili ya kunogesha mchuzi wa kisa cha mtu mwingine. Kazi ambayo ingemsumbua mtazamaji zaidi ni ile ambayo ingemwachia mmoja wa wale vijana nafasi ya kusema, kwa lugha yake mwenyewe, ameila njaa ya nani.

Pamoja na ila hizi, The Menu yabaki kuwa kazi yenye manufaa kwa yeyote ashughulikaye na maneno. Imeonyesha ya kuwa lugha ya fahari huanza kwa heshima, maana mwenye kukipa chakula jina zuri amemheshimu mlaji. Kisha huwa cheo, maana wasioijua hutengwa. Kisha huwa ukuta, hata wenyewe waijuao wasiweze kukiona tena kilichoko upande wa pili. Hatua ya tatu ndiyo ya zimwi. Na dawa iliyotolewa na filamu si kunyamaza, kwa kuwa Margot hakunyamaza. Alisema neno dogo kuliko yote yaliyosemwa mezani usiku ule, neno ambalo kila mtoto hulijua kabla ya kulijua jina lake mwenyewe: alisema ana njaa. Ashikaye kalamu na afanye vivyo hivyo kabla ya kuandika sifa au lawama. Na ajiulize kwanza kama ana njaa, na akiisha kula, kama ameshiba.